Wiki Nane za Fildi: Mashine Moja Inakutosha

Ikifika Julai, miji yetu miwili, Arusha na Moshi, inajaa ovaroli mpya. Asubuhi utaziona kwenye vifodi vya Unga Limited na kwenye Hiace za Pasua, za bluu, mikunjo ya dukani bado imekaa, na ndani yake kijana amekumbatia bahasha ya chuo. Ni msimu wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Barua za ukurasa huu nazo hubadilika. Wanaoniuliza habari za visima na mashine za kusaga wanapungua, wanafunzi wanaongezeka. Mwezi huu nimewapa wao nafasi yote. Wenye visima mnisamehe, tutaonana toleo lijalo.

Wiki ya tatu nafagia tu

*Shikamoo mama. Nasoma stashahada ya uhandisi mitambo, mwaka wa pili. Nimepangiwa kiwanda kimoja eneo la Themi, wiki nane. Hii ni ya tatu, na kazi yangu ni kufagia karakana, kuosha spana kwa dizeli na kutumwa chapati. Fundi mkuu hanisemeshi. Nikimuuliza kitu anajibu "angalia tu". Rafiki yangu yuko kiwanda cha Moshi, yeye wanamzungusha, kila wiki idara mpya. Naona muda wangu unapotea. Niombe kuhamishwa? – Mwanafunzi, Kijenge, Arusha*

Marahaba mwanangu, na pole na chapati. Usihame. Barua ya kuhama itakaa chuoni siku kadhaa, kiwanda kipya watakuambia uje Jumatatu, na Jumatatu hiyo utapewa ufagio. Karakana zote ninazozijua kati ya Usa River na Himo zinampokea mgeni kwa ufagio.

Rafiki yako wa Moshi wala usimwonee wivu. Idara mpya kila wiki maana yake kila Jumatatu yeye ni mgeni tena, na mgeni huonyeshwa, hapewi kushika. Akimaliza atajua boila iko wapi, kompresa iko wapi na choo kiko wapi. Najua vyuo vinapenda mzunguko huo kwa sababu ripoti inakuwa nene. Mimi siupendi, na sijawahi kuuficha msimamo huu kwa walimu wanaokuja kukagua wanafunzi wao kwangu.

Wiki tano ulizobakiwa nazo hazitoshi kukijua kiwanda. Zinatosha kabisa kuijua mashine moja. Ipi? Wakati wa chai waulize waendeshaji, usianze na mafundi: mashine gani hapa inawatesa? Watacheka na kuitaja kwa pamoja. Chukua hiyo. Inayosimama ovyo ndiyo inayofunguliwa, na mashine usiyoiona ikifunguliwa umeona rangi yake tu.

Tuseme ni pampu ya maji ya kupoozea, yenye mota ya kilowati 15. Futa vumbi kwenye kibati cha mota na unakili kila kilichoandikwa, hata usichokielewa: volti 400, ampea 28, hezi 50, mizunguko 1460 kwa dakika. Usiku kaa na daftari. Kwa umeme wa hezi 50, uwanja wa sumaku ndani ya mota ya poli nne unazunguka mara 1500 kwa dakika. Mbona kibati kinasema 1460? Hiyo 40 imekwenda wapi? Darasani uliijibu, pengine ukapewa alama zote, lakini sasa iko mbele yako imepakwa grisi, na hutaisahau tena.

Kesho yake mwombe fundi umeme akuruhusu usimame pembeni anapopitisha klampu mita, kile kipimo cha ampea kinachoubana waya kwa nje, kwenye waya tatu za mota hiyo. Zikisoma 20 kote, pampu haibebi mzigo wake wote, huenda kuna vali imebanwa mahali. Zikisoma 31 kote, inazidiwa. Zikisoma 24, 24 na 30, hapo kuna hadithi: ama umeme unaoingia hauko sawa, ama kuna nati ya waya imelegea, ama koili imeanza kuchoka. Andika namba hizo, na saa uliyozipata. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, asubuhi na alasiri, uwe na ukurasa wa namba ambao pengine hata kiwanda chenyewe hakina.

Sasa unaweza kurudi kwa fundi mkuu. Anakujibu "angalia tu" kwa sababu wanafunzi wamempitia mikononi miaka yote, wakamwambia "naomba unifundishe", wakapigiwa mhuri wakaondoka. "Nifundishe" ni mzigo, hajui aanzie wapi. Mpelekee swali dogo lililotoka kwenye mashine yake. Mfano huu ninaupenda sana. Kwenye paneli ya mota hiyo utakuta rilei ya ovalodi, kinga inayozima mota ikizidiwa, ina kitufe cha kuzungusha chenye namba. Kibati kinasema ampea 28, rilei imewekwa 16. Mwanafunzi mwenye haraka atasema mafundi wamekosea, ataizungusha hadi 28 kwa bisibisi, na siku mota itakapoungua atakuwa ameshamaliza chuo. Wewe nenda ukaulize: "Fundi, hii mbona iko 16 wakati mota ni ya 28?"

Atakuangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Halafu atakuchorea kwenye kipande cha boksi: mota imeungwa kwa staa-delta, yaani inawashwa kwa muungo mmoja wa koili (staa) na kuendeshwa kwa mwingine (delta), rilei imekaa ndani ya delta, inapitisha umeme wa koili moja moja, wala si umeme wote wa laini. Gawa 28 kwa 1.73, unapata 16 na pointi kidogo. Hajakosea. Na atafurahi kwamba kuna mtu ameliona. Kuanzia siku hiyo chapati atatumwa mwingine.

Ukiwa unasubiri siku hiyo, fagia kwa macho. Chini ya mashine yako kuna unga mweusi wa mpira? Mkanda unaliwa, na mara nyingi ni kwa sababu puli mbili hazikai kwenye mstari mmoja. Kuna vichembe vya chuma vinavyong'aa? Kuna kitu kinasagana. Mafuta yanadondoka sehemu ileile kila siku? Weka kopo, pima kwa wiki. Ukimwambia fundi "sili ya huku inavuja, jana na leo imetoa nusu kikombe", umeshaacha kuwa mfagiaji.

Halafu msimu. Fildi yenu inaangukia wakati kahawa ya mlimani inaanza kushuka na viwanda vya sukari vimeshatoka kwenye matengenezo ya masika. Ni wakati wa uzalishaji, hakuna atakayesimamisha mtambo ili wewe ujifunze. Somo lako ni ile dakika mtambo unaposimama wenyewe. Wanafunzi wengi hapo wanakimbia kwa sababu watu wanafoka. Wewe baki. Shika tochi, iangaze anapotazama fundi, siyo unapotaka kutazama wewe. Akishika spana ya 17, tayarisha ya 19. Beringi ikitoka, soma namba yake pembeni kabla haijatupwa. Ikiwa 6308, chukua tarakimu mbili za mwisho, 08, zidisha kwa 5: ni 40, kipenyo cha tundu lake kwa milimita. Muuza spea yeyote anaijua hesabu hiyo kichwani, na mhandisi asiyeijua atachekwa dukani.

Na la usalama halina mjadala. Usiingize mkono kwenye mashine ambayo hujaona swichi yake ikizimwa na kupigwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu anayefanya kazi hiyo. Kabla ya kuamini kwamba waya hauna umeme, fundi mzuri anajaribu kipimo chake mahali penye umeme, anapima ule waya, halafu anarudi kujaribu kipimo tena penye umeme, asije akawa amedanganywa na kipimo kibovu. Ukikuta fundi anaruka hatua hizo, hata awe na mvi, wewe rudi nyuma mita mbili. Huna haja ya kumkosoa mbele za watu, toka tu.

Wamenifanya karani

*Shikamoo mama. Mimi ni msichana, nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa tatu. Niko kwenye mradi wa jengo hapa Moshi, kuelekea Kiboriloni. Wavulana wawili wa chuo changu wako saiti toka siku ya kwanza, mimi nimewekwa ofisini kuchapa barua na kupokea simu. Nilipoomba kwenda saiti, msimamizi alisema "huko kuna jua binti yangu". Hana ubaya, ananiheshimu, lakini sijagusa hata zege. Nifanyeje bila kumvunjia heshima? – Msomaji, Rau, Moshi*

Marahaba mwanangu. Jua la Moshi nalijua, halijawahi kumzuia mama yeyote kulima mahindi.

Usimwombe "kwenda saiti". Kwake saiti ni mahali pa kuzurura na kuumia, na ana haki ya kuogopa. Omba kazi yenye jina: "Mzee, naomba mimi niwe ndiye ninayetunza kumbukumbu za vipimo vya zege." Hiyo ni kazi ya karatasi, ataipenda, lakini ni kazi ya karatasi ambayo haiwezi kufanyika ofisini. Kila gari la zege au kila mchanganyiko ukimwagwa, mwenye daftari lazima awepo.

Ukishafika, usikae na kalamu tu. Koni ya slampu, ya kupimia ulaini wa zege bichi, ni ya chuma, kimo milimita 300, mdomo wa juu 100, wa chini 200. Inajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, halafu inanyanyuliwa wima, taratibu, na unapima zege limeshuka kiasi gani. Omba kushindilia wewe. Utaona haraka kwamba anayeshindilia ovyo na anayeshindilia vizuri hawapati jibu moja kutoka kwenye karai lilelile, na hapo utaelewa kwa nini kipimo kina masharti. Utaona pia kibarua akiongeza ndoo ya maji ili zege liwe laini kusukuma. Usipige kelele, andika saa na sehemu ya jengo, kisha mwambie msimamizi faragha.

Sasa sikiliza, hili ndilo la haraka, ndiyo maana barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine. Michemraba ya zege ya milimita 150, ya kupimia nguvu, inawekwa kwenye maji, mingine inavunjwa baada ya siku 7, mingine baada ya siku 28. Fildi yako ni wiki nane. Mchemraba utakaoujaza leo utauona ukivunjwa ukiwa bado upo. Ukianza kujaza wiki ya tano, majibu ya siku 28 yatatoka wewe uko nyumbani, na utakuwa umeona nusu ya kazi. Kwa hiyo ombi lako lipeleke kesho asubuhi, siyo wiki ijayo.

Siku ya kuvunja, fanya hesabu mapema. Uso wa mchemraba ni 150 mara 150, yaani milimita za mraba 22,500. Zege la nguvu 25, yaani newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba, linatakiwa libebe kilonewtoni 562 na kidogo kabla halijapasuka. Siku ya 7, kwa saruji ya kawaida, tarajia kama theluthi mbili ya hapo. Andika matarajio yako kwenye karatasi kabla mashine haijawashwa, halafu uone. Ukikosea sana, aidha hesabu yako ina kasoro au zege lina kasoro, na yote mawili yanafaa kujulikana.

Vaa buti zako mwenyewe, usisubiri za kuazima, za kuazima ni namba 9 siku zote. Na kama choo cha saiti hakifai, liseme kwa msimamizi bila aibu siku ya kwanza. Ni suala la kazi kama lilivyo suala la kofia ngumu.

Wanataka "ya maji"

*Habari za kazi mama. Kijana wangu anasoma uhandisi umeme. Kuna mtu ndani ya kampuni moja anasema nafasi ya fildi ipo, ila nitoe laki mbili "ya maji". Chuo kinakaribia kufunga orodha. Nitoe, au atakosa kila kitu? – Baba, Boma Ng'ombe*

Salama baba, shikamoo kwa jua la huko. Usitoe. Hiyo ni rushwa, TAKUKURU wana ofisi, na zaidi ya hapo ni ununuzi mbaya: anayeuza nafasi ya fildi mara nyingi hana mamlaka nayo, na kijana akishaingia hakuna atakayejua amekuja kwa nani wala kufanya nini.

Jina kubwa getini siyo lazima. Hapo ulipo, kati ya Boma Ng'ombe na Moshi mjini, kuna wanaosuka upya mota zilizoungua, mafundi pampu za visima, wanaofunga sola na wenye viwanda vidogo vya mbao. Kwa mwanafunzi wa umeme, wiki nane kwa msuka mota ni hazina: atahesabu koili kwa vidole, atapima insulesheni, yaani kihami cha waya, kwa kipimo kiitwacho mega kila siku, ataona kwa macho mota iliyokufa kwa kukosa fezi moja inafananaje na iliyokufa kwa kuzidiwa mzigo. Muhimu ni kijana amuulize kwanza mratibu wa fildi chuoni kama karakana ya aina hiyo inakubalika na nani atasaini daftari. Hiyo laki mbili mnunulie multimita nzuri na nauli.

Wiki tano za maji

*Shikamoo mama. Nasoma uhandisi wa maji na mazingira. Nimepata wiki tano tu kwenye mamlaka moja ya maji huku Arusha. Chuo kinataka mradi mdogo. Nimefikiria kutengeneza chujio la kuondoa floridi kwa ajili ya mtaa wetu. Wenzangu wanasema ni wazo zuri. Wewe unaonaje? – Mwanafunzi, Ngaramtoni*

Marahaba. Wazo ni zuri, wiki tano ni chache. Floridi ya huku inatoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi kuuzunguka Mlima Meru vinazidi hapo sana, meno ya watoto wetu yanaonyesha. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika na mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, na watu wenye shahada zao bado wanalihangaikia. Chujio lako litachukua wiki mbili kupata mifupa tu. Lifanye mwaka wa mwisho, lina hadhi hiyo.

Kwa wiki tano tafuta swali linalojibika kwa mita moja na saa moja ya mkononi. Hili hapa, ukilipenda lichukue. Kila mamlaka ya maji inasumbuliwa na maji yanayopotea njiani. Chagua eneo dogo lenye bomba moja la kuingilia na mita ya jumla. Soma mita saa nane usiku, isome tena saa kumi. Watu wamelala. Tuseme zimepita mita za ujazo 24, na eneo lina nyumba 300. Hiyo ni lita 40 kwa kila nyumba kwa kila saa, na hakuna aliyefungua bomba. Zinakwenda wapi?

Jibu la vitabu ni kwamba zinavuja. Hapa ndipo kichwa chako kifanye kazi, maana Arusha siyo mji wa kwenye kitabu. Nyumba nyingi zina simtanki, na penye mgao maji yanatoka usiku. Tenki linajaa lenyewe watu wakikoroma. Kwa hiyo kabla ya kuandika "mvujo", tembea mchana na uhesabu simtanki, uliza zinajaa saa ngapi, soma mita za nyumba kadhaa jioni na alfajiri kwa ruhusa ya wenyewe. Toa hiyo kwenye jumla. Kinachobaki ndicho cha kumpelekea mkuu wa idara, hata kama ni ukurasa mmoja. Nakuhakikishia atausoma kuliko ripoti ya kurasa 60 yenye historia ya mamlaka aliyoiandika yeye mwenyewe kwenye kalenda.

Usiende usiku peke yako. Nenda na mafundi bomba wa zamu, vaa koti la kung'aa, na mtoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, la sivyo sungusungu watawauliza maswali magumu kuliko ya mwalimu wako.

Nimepewa kasoro ndogo

*Mama, mimi ni wa uhandisi wa kompyuta, niko na kampuni ndogo ya programu, mwezi mmoja. Badala ya kutengeneza kitu changu, wananipa kurekebisha kasoro ndogondogo kwenye programu yao ya zamani. Naona kama dharau. – Msomaji, Tengeru*

Mimi ni wa vyuma, mwanangu, lakini hili halina tofauti. Kwa mwezi mmoja ukijenga chako utaondoka nacho, na hakuna atakayekitumia. Kasoro ndogo inakulazimisha usome kazi ya mtu mwingine mpaka uone alivyofikiri, na hicho chuoni hawakukufundisha. Kabla ya kurekebisha, hakikisha unaweza kuifanya kasoro ijitokeze utakavyo wewe. Usipoweza, hujaijua bado. Omba kasoro zinazofuatana sehemu moja ya programu, siyo za kuokoteza huku na kule.

Daftari nimelijaza siku moja

*Shikamoo mama. Mwalimu wa chuo anakuja kukagua Alhamisi. Daftari la fildi sijaandika wiki nne, Jumapili nimelijaza lote. Kaka yangu anasema kila mtu anafanya hivyo. Pia, barua ya kunitambulisha kazini niiombe lini? – Mwanafunzi, Majengo, Moshi*

Marahaba. Kaka yako kasema kweli, na sisi tunaosaini tunajua. Wino ni mmoja, mwandiko ni mmoja, na kila siku imeandikwa "leo tulifanya matengenezo ya mashine". Mashine gani? Ilikuwa na nini? Mlitoa kipi mkaweka kipi? Linganisha na hii: "Jumanne. Konveya namba 2 ilisimama saa nne na robo. Mnyororo umeruka meno. Tulikuta bolti ya kukaza imelegea upande wa kulia. Tumekaza, tumeipangilia, imewashwa saa tano kasoro. Swali: kwa nini upande wa kulia tu?" Mistari mitano. Imeandikwa palepale, ina alama ya kidole cha grisi, na ile "swali" ya mwisho ndiyo mwalimu atakayoanzia kukuuliza, kwa hiyo umemchagulia mtihani mwenyewe.

Kwa Alhamisi hii usiongeze uongo juu ya ulichoandika. Anza kuandika leo kwa mtindo huo, na mwalimu akiuliza kuhusu wiki nne za nyuma mwambie ulivyofanya. Tabia hii utaihitaji baadaye hata ukitaka kuiacha: ukishapata shahada, safari ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu inapitia mafunzo ya kazini yanayosimamiwa, kwa mpango wa bodi miaka 3, na huko unaandika ulichofanya na mhandisi anakisaini. Miaka 3 haijazwi Jumapili moja.

Kuhusu barua: iombe wiki ya saba, kwa aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo. Mpelekee karatasi yenye mambo matatu uliyofanya, kwa majina ya mashine na tarehe, ili asikuandikie "alikuwa mtiifu na mwenye nidhamu", maneno ambayo hata mlinzi wa geti anaandikiwa. Mwache aandike mwenyewe, asome, apige mhuri. Ukingoja Ijumaa ya mwisho utaambiwa meneja amesafiri Dar na mhuri amefungia kwenye droo.